Masomo ya Sayansi Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, maswali huwa yale yale, awe anauliza kijana wa Tosamaganga, binti wa Loleza au mzazi aliyeteremka kutoka Makete na matokeo ya mwanawe kwenye simu. Tumeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomkuta mtu akiwa tayari darasani. Yanawalenga zaidi wanaokwenda Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa (MUCE) cha Iringa. Hata hivyo, krediti na GPA (wastani wa alama zako) zinafuata mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo mengi yatamfaa hata anayekwenda Dodoma au Morogoro.

## Kabla ya kuomba chuo

1. Mwaka wa kwanza nachagua masomo mwenyewe au napangiwa?

Mengi unapangiwa. Ukishachagua programu, tuseme Shahada ya Sayansi katika Kemia au Shahada ya Uhandisi wa Ujenzi, umeshachagua na karibu kozi zote za mwaka wa kwanza. Kozi za lazima ndizo nyingi. Za hiari zikiwepo huwa moja au mbili, na kwa programu nyingi zinaanza kuonekana mwaka wa pili.

Kwa hiyo uchaguzi wenyewe unafanyika wakati wa kujaza maombi, miezi kadhaa kabla ya foleni ya usajili. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanasoma jina la programu, wanasoma vigezo vya kuingilia, wanauliza kama ina ajira, wanajaza. Hawafungui mwongozo wa chuo kuona kozi za mwaka wa kwanza na wa pili. Matokeo yake, aliyeomba Sayansi ya Kompyuta kwa kupenda simu na intaneti anakutana na kalkulasi, matriksi na hisabati za mantiki kabla hajaandika programu yoyote ya maana. Aliyeomba Bayolojia kwa kukimbia hesabu anakutana na takwimu.

Ukichukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili: kabla ya kuomba, tafuta orodha ya kozi za mwaka wa kwanza wa programu hiyo, isome moja baada ya nyingine, na ujiulize ni zipi ungezisoma hata bila kusukumwa. Orodha hizo zimo kwenye miongozo ambayo vyuo huweka kwenye tovuti zao. Kama huna bando, nenda kwa mtu aliyeko mwaka wa pili wa programu hiyo akuonyeshe zake.

2. Nina pointi za kutosha kweli?

Kwa waliomaliza Kidato cha Sita kuanzia 2016, kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D mbili zinafika, na C pamoja na E zinafika pia. Lakini hicho ni kizingiti cha jumla. Kila programu ina masharti yake juu ya masomo yenyewe: uhandisi kwa kawaida unataka Fizikia na Hisabati, na udaktari unataka Fizikia, Kemia na Bayolojia zote tatu, kwa kiwango cha juu kuliko hicho.

Kutimiza masharti hakukupi nafasi moja kwa moja. Programu zenye waombaji wengi huchukua waliofaulu zaidi kwanza. Soma mwongozo wa TCU wa mwaka unaoomba, kwa kuwa ule wa kaka yako wa miaka mitatu iliyopita unaweza kuwa umebadilika. Na ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, ni lazima uthibitishe kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa.

3. Nimesoma PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia). Nisipopata udaktari, nimekwisha?

Hapana, na swali hili linatuumiza kila tunapolisikia, maana nyuma yake mara nyingi kuna familia nzima iliyokwisha kumwita kijana daktari tangu Kidato cha Tatu.

PCB inafungua famasia, uuguzi, sayansi ya maabara ya tiba, lishe, teknolojia ya chakula, kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, bayoteknolojia na ualimu wa Kemia na Bayolojia. Tazama tu mazingira yetu. Uyole kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) kinachoshughulika na mbegu za mazao ya nyanda za juu. Mbeya mjini kuna kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Hifadhi ya Kitulo inajulikana kwa maua yake, yakiwemo ya jamii ya okidi, na Ruaha ni darasa la ekolojia la kilomita za mraba maelfu. Viazi vya Njombe, chai ya Mufindi na parachichi za Rungwe vyote vina wadudu, magonjwa na udongo vinavyohitaji mtu aliyesoma.

Kama udaktari ndio moyo wako kweli na umekosa kwa pointi chache, omba programu ya afya unayoweza kuifanya kazi maisha yako yote bila kinyongo. Usiingie programu kwa nia ya kuhama baadaye. Kuhama kuna masharti yake (tazama swali la 16) na wengi hukwama.

4. Nina PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nichague uhandisi, kompyuta au hisabati yenyewe?

Tofauti yake mwaka wa kwanza ni ndogo kuliko unavyofikiri, kwa kuwa zote tatu zinaanza na kalkulasi na aljebra. Uhandisi unaongeza michoro, mekanika na karakana, yaani saa nyingi za kuwapo mahali fulani kwa wakati fulani. Kompyuta inaongeza kazi zisizo na saa: programu inayogoma kufanya kazi inaweza kukukalisha hadi alfajiri. Hisabati yenyewe ina vipindi vichache, ila inataka kuthibitisha, si kukokotoa tu, na hilo huwashtua hata waliopata A shuleni.

Jipime kwa namna unavyopenda kufanya kazi. Anayechoka haraka na kukaa mezani ataishi vizuri zaidi karakana.

5. Nataka ualimu wa sayansi Mkwawa. Nioanishe masomo gani mawili?

Mkwawa ilikuwa sekondari yenye jina kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, na kufundisha walimu ndiyo kazi yake kubwa. Mwanafunzi wa ualimu wa sayansi anabeba mizigo mitatu: somo la kwanza la kufundishia, somo la pili, na kozi za elimu zenyewe kama saikolojia na misingi ya elimu. Wengi huisahau hiyo ya tatu wanapopiga hesabu za muda.

Fizikia na Hisabati zinasaidiana: unachojifunza huku kinatumika kule, na mzigo mkubwa ni maswali ya kukokotoa. Kemia na Bayolojia zinakutana kwenye molekuli za viumbe, ila zote mbili zina maabara, kwa hiyo ripoti zitakuwa nyingi. Bayolojia na Jiografia zina kusoma kwingi na safari za nje. Kemia na Hisabati ni mchanganyiko mzuri kwa mtu mwenye nidhamu, maana hazifanani na akili inapumzika kwa kubadilisha. Ushauri wetu ni uanze na somo unaloweza kumfundisha mwenzako leo bila daftari, kisha utafute la pili linaloendana nalo. Usichukue la pili kwa sababu tu linasemwa ni jepesi, utalifundisha miaka thelathini.

6. Nasubiri kuingia chuo. Nisome nini sasa hivi?

Kama umetoka JKT na umebakiwa na wiki chache, fanya mambo mawili. Rudia hesabu zako: aljebra, logi, trigonometria, na kutafuta tofauti (differentiation) na jumla (integration) za funksheni kwenye kalkulasi ya shule. Pili, jifunze kuchapa na kutumia programu za kuandika na za majedwali kwenye kompyuta, hata kama ni kwa kulipia saa moja moja stationari ya Mwanjelwa. Kununua vitabu vya chuo mapema hakuna haja.

## Krediti na mzigo

7. Krediti ni kitu gani hasa?

Ni kipimo cha muda wa kazi. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikijumlisha mihadhara, semina, maabara, kujisomea na kujiandaa kwa mtihani. Kozi ya krediti 12 inategemea utumie saa 120 kwa muhula mzima. Mwaka una krediti zipatazo 120, yaani 60 kwa muhula. Shahada ya miaka mitatu ina angalau 360 na ya miaka minne angalau 480.

Sasa piga hesabu. Krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya kuajiriwa asubuhi hadi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na bado hujaosha nguo. Ratiba yako itaonyesha labda saa 20 au 25 za vipindi, na hapo ndipo watu wanadhani wana nusu wiki ya bure. Zile 15 au 20 zilizobaki ni zako kuzipanga, na chuo hakitakukumbusha.

8. Kozi ngapi kwa muhula ni nyingi mno?

Idadi haisemi mengi. Kozi sita zenye maabara moja zinaweza kuwa nafuu kuliko kozi tano zenye maabara tatu. Hesabu badala yake: jumla ya krediti, siku zenye maabara, na kozi zenye hesabu za kila wiki. Ukiona kozi nne za kukokotoa kwenye muhula mmoja, huo ni muhula mzito hata kama krediti zinasoma 60 kama kawaida.

Kama programu yako inakuruhusu kuchagua kozi ya hiari, weka nyepesi kwenye muhula mzito. Na usizidishe krediti juu ya zile za kawaida mwaka wa kwanza, hata ukiwa na matokeo mazuri. Muhula wa kwanza unajifunza pia kuishi: kupika, kupanga pesa ya bumu (mkopo wa kujikimu), kulala baridi la Iringa. Kuongeza kozi kunaweza kusubiri mwaka wa pili.

9. Mbona maabara inakula muda kuliko krediti zake?

Kwa sababu saa tatu za kusimama maabara ni mwanzo tu. Kuna kujiandaa kabla, na kuna ripoti baada. Ripoti ya kwanza ya Kemia au Fizikia inaweza kukuchukua jioni mbili, kwa kuwa hujazoea kuandika makosa ya vipimo, kuchora grafu inayosomeka na kueleza kwa nini jibu lako limetofautiana na la kitabu.

Kinachosaidia ni kufanya hivi. Usiku wa kabla ya maabara, soma karatasi ya jaribio na uchore mapema majedwali ya kujazia vipimo. Ukitoka, andika sehemu ya matokeo siku hiyo hiyo, hata kama umechoka, kwa kuwa ukisubiri hadi Jumapili hutakumbuka kwa nini kipimo cha tatu kilikaa vibaya. Maswali ya majadiliano unaweza kuyafanya na wenzako. Data iwe yako. Kudesa (kunakili) ripoti ya mwaka jana ni njia ya haraka ya kupata sifuri, wasimamizi wa maabara wanazijua namba hizo kwa moyo.

10. GPA inapigwaje, na kozi zipi zina uzito?

Vyuo vyetu hutumia skeli ya pointi 5. Kwa programu nyingi zisizo za tiba, alama 70 na zaidi ni A (5), 60 hadi 69 ni B+ (4), 50 hadi 59 ni B (3), 40 hadi 49 ni C (2). Unazidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya krediti.

Tuchukue mfano wa muhula mmoja wenye krediti 60:

- Kalkulasi, krediti 12, C: 24
- Kemia, krediti 12, B+: 48
- Fizikia, krediti 12, B: 36
- Programu za kompyuta, krediti 8, B+: 32
- Stadi za mawasiliano, krediti 8, A: 40
- Masomo ya maendeleo, krediti 8, B: 24

Jumla ni 204. Gawa kwa 60, unapata 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5 na la kwanza 4.4, kwa hiyo huyu amekosa kwa unyoya. Angepata B ya Kalkulasi badala ya C, angekuwa na 216, yaani 3.6. Kupanda gredi moja kwenye kozi ya krediti 12 kunaongeza 0.2; kwenye ya krediti 8 kunaongeza 0.13 tu. Unapogawa muda wa kusoma wiki za mwisho, angalia krediti kwanza, halafu angalia ni kozi gani uko karibu na mpaka wa gredi.

Kwa kawaida alama 40 kati ya 100 zinatokana na kazi za muhula, yaani majaribio, maabara na kazi za kuandika, na 60 zinatoka mtihani wa mwisho. Anayeingia mtihani na 30 za mkononi analala. Anayeingia na 16 hana pa kuteleza.

11. Stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo zina faida gani kwa mtu wa sayansi?

Zina faida mbili. Zina krediti kamili, kama mfano wa swali la 10 unavyoonyesha, na ni mahali pa kupata A bila maabara. Ya pili ni kwamba uandishi unaojifunza pale ndio utakaoandikia ripoti na utafiti wa mwaka wa mwisho. Wanafunzi wa sayansi wanazidharau, wanakosa majaribio, kisha wanapata sapu (mtihani wa marudio) ya kozi ambayo wangeifaulu kwa kuhudhuria tu. Hudhuria.

12. Wiki yangu niipange vipi?

Anza na vitu visivyosogea: vipindi, maabara, ibada, kufua, na usafiri kama unakaa mtaani. Kisha weka kila kozi ya hesabu mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, kwa kufanya maswali na kalamu. Kozi za kusoma zinaweza kukaa mara mbili. Weka jioni moja kwa kila maabara.

Siku ya muhadhara, rudia notisi zako kabla hujalala. Nusu saa inatosha na inaokoa saa nyingi za wiki ya mtihani. Acha Jumamosi mchana wazi kwa yaliyokwama. Na kuna mtu atakuambia kwamba msuli wa kweli, yaani kusoma kwa bidii, ni wa usiku wa manane, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Wengi wa hao unawakuta wamesinzia kwenye muhadhara wa saa moja asubuhi, yaani wanalipa mara mbili.

## Hesabu na lugha

13. Nilisoma BAM (hisabati ya msingi, Basic Applied Mathematics) tu, sikusoma Hisabati ya juu. Nitaweza?

Utaweza kama programu yako inakubali BAM, lakini usijidanganye kwamba mnaanza sawa. BAM ilikupitisha kwenye funksheni, kalkulasi ya msingi, takwimu, uwezekano na matriksi. Mwenzako wa PCM amepita humo kwa kina, akaongeza vekta, namba changamano na milinganyo ya kalkulasi. Mhadhiri atakwenda kwa kasi ya huyo mwenzako.

Kwa hiyo wiki nne za kwanza ni zako kuziba pengo. Tafuta vitabu vya Hisabati ya Kidato cha Tano na Sita, maduka ya vitabu ya Mbeya na Iringa mjini yanavyo, ufanye mada ya vikomo, tofauti na jumla za funksheni kabla mhadhiri hajafika huko. Jiunge na kundi la kusoma lenye angalau mtu mmoja wa PCM na umpe kitu mbadala: wewe unaijua Bayolojia, yeye haijui. Makundi yanayodumu kwenye vimbweta (meza na mabenchi ya kusomea nje) ni yale ambayo kila mtu ana cha kutoa.

Tena, nenda semina za maswali. Watu huona semina ni ya hiari kwa kuwa haina notisi. Kwa mtu wa BAM, semina ndiyo kozi yenyewe.

14. Kiingereza kinanisumbua darasani. Nifanyeje?

Jadilini kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiingereza. Ukielewa kwa nini gesi inapanuka kwa Kiswahili, umeelewa. Kinachobaki ni kulisema kwenye karatasi ya mtihani, na hilo linafanyiwa mazoezi: baada ya mjadala, kila mtu aandike aya moja bila kuangalia, kisha mbadilishane. Mitihani ya miaka iliyopita itakusaidia kujua maswali yanavyotungwa. Mhadhiri akienda kasi, muulize baada ya kipindi. Wengi wao wanafurahi kuulizwa kuliko tunavyodhani.

## Makazi, vifaa na nyumbani

15. Hosteli au mtaani?

Mwaka wa kwanza, hosteli ukiipata. Sababu ni muda. Anayesoma MUST na kupanga mbali anapita barabara kuu ya kwenda Tunduma, na malori yakikwama maeneo ya Mafiati hadi Iyunga, daladala haina njia. Iringa foleni si kubwa hivyo, lakini mvua za Desemba hadi Aprili na milima vitakuchosha. Ukikosa hosteli, panga mahali pa kutembea kwa miguu hata kama chumba ni kidogo zaidi, na mkae wawili au watatu wa programu moja ili kurudi usiku kutoka maktaba msiwe peke yenu. Kwa mabinti hili tunalisisitiza.

Kuhusu kompyuta mpakato: kwa programu za kompyuta na uhandisi itahitajika mapema. Kwa nyingine unaweza kumaliza muhula wa kwanza kwa kutumia za maktaba. Kikokotoo cha sayansi na koti la maabara ni vya siku ya kwanza.

16. Nimeanza na naona programu si yangu. Naweza kuhama?

Inawezekana ndani ya wiki za mwanzo tu, kwa tarehe ambazo chuo hutangaza, na ni lazima uwe na sifa za programu unayokwenda, nafasi iwepo, na pande zote mbili ziridhie. Ukichelewa, unasubiri mwaka mzima.

Kabla ya kujaza fomu, tenganisha mambo mawili: unachukia programu, au unachukia kozi moja yenye mhadhiri asiyeeleweka? Kozi itaisha Februari. Waone walioko mwaka wa tatu uwaulize wanasoma nini sasa. Kama hata hicho hakikuvutii, hama mapema. Na kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, pita kwanza ofisi ya mikopo ya chuo, kwa sababu mabadiliko ya programu lazima yaonekane kwenye taarifa zako kabla ya fedha kuendelea.

17. Mimi ni mzazi. Mwanangu anaweza kuja kusaidia shamba wikiendi?

Mama, baba, tunaelewa. Novemba na Desemba ni kupanda, na ndiyo wiki ambazo majaribio ya kwanza yanaanza. Kwa saa 40 tulizozieleza swali la 7, wikiendi moja ya kwenda Ludewa na kurudi inaondoa karibu theluthi ya wiki ya mwanafunzi. Msimwite muhula wa kwanza isipokuwa kuna msiba au ugonjwa. Likizo ndefu ipo na atalima. Kama familia inategemea kipato chake, mkae mpange mapema, naye aseme ukweli wa ratiba yake akiwa nayo mkononi.

## Mambo yakienda kombo

18. Wiki ya sita na sielewi kozi moja kabisa. Bado kuna njia?

Ipo. Nenda kwa mhadhiri wakati wake wa kupokea wanafunzi ukiwa na maswali matatu uliyojaribu na kushindwa, karatasi iwe na jasho lako. Sentensi "sielewi chochote" haina pa kushikwa. "Nimefika hapa nikakwama" inajibika. Pili, rudi kwenye mada ya kwanza uliyoipoteza, usianzie ya leo. Kozi za sayansi zimejengwa kwa ngazi, na mara nyingi tatizo la wiki ya sita lilizaliwa wiki ya pili.

Punguza kwa wiki mbili muda wa kozi unayoiweza, usiifute. Tatizo likiwa ni nyumbani, afya au pesa, mwone mshauri wa wanafunzi. Wapo kwa kazi hiyo.

19. Nimepata sapu. Maisha yamebadilika kiasi gani?

Sapu moja haikuondoi. Utaifanya kabla ya mwaka unaofuata kuanza, na hata ukipata alama 80 gredi ya juu utakayoandikiwa ni C. Gharama iliyojificha ni ya likizo: wenzako wako fildi au mazoezi ya kufundisha, wewe unasoma na kupanga nauli ya kurudi.

Ukifeli sapu na GPA yako bado inaruhusu, unaweza kuikeri kozi, yaani kuibeba na kuirudia, mwaka unaofuata. Hapo ndipo mzigo unapoharibika, kwa kuwa inaongezeka juu ya krediti za kawaida, vipindi vinaweza kugongana, na kozi za mwaka wa pili zinazoitegemea zinakuwa ngumu. Anayekeri Kalkulasi asichukue kozi ya hiari nzito mwaka huo. GPA ikishuka chini ya kiwango cha chuo, mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye kanuni za mitihani za chuo chako, na kinafaa kusomwa Novemba.

20. Nimeugua katikati ya muhula. Niendelee kwa kujikaza?

Ukikosa wiki tatu au zaidi, ulizia kuahirisha masomo kwa maandishi, ukiwa na vyeti vya hospitali. Ukikosa mtihani tu kwa ugonjwa, omba mtihani maalumu. Huo haubanwi na C kama sapu. Kinachowaumiza watu ni kupotea kimya: hakuna barua, mtihani umepita, mfumo unasoma kwamba umetoroka. Barua iandikwe hata na ndugu kama wewe uko kitandani.

21. Nimetokea diploma ya ufundi. Mzigo wangu unatofautiana?

Unatofautiana kwa namna yake. Karakana na maabara utawapita waliotoka Kidato cha Sita kwa mbali, na watakuja kwako. Hesabu za nadharia ndizo zitakubana, kwa hiyo fuata ushauri wa swali la 13 kana kwamba ulisoma BAM. Saa ulizookoa karakana zihamishie huko. Usiombe kusamehewa kozi ya hesabu hata kama diploma yako inafanana nayo kwa jina, isipokuwa umeangalia maswali ya mtihani wake na unayaweza.

22. Nimejisajili chuo lakini kozi moja haionekani kwenye mfumo. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa linaloonekana dogo. Kusajiliwa chuoni na kusajili kozi ni vitu viwili. Kozi isiyosajiliwa unaweza kuihudhuria muhula mzima, ukafanya majaribio, halafu matokeo yakose pa kukaa. Ingia kwenye mfumo, linganisha kozi zilizopo na orodha ya idara, jumlisha krediti, na upige picha ya ukurasa huo kwenye simu. Kikikosekana kitu, nenda idarani siku hiyo hiyo na namba yako ya usajili, kabla dirisha la kusajili kozi halijafungwa.